Lenzi ya Uso na Lenzi ya Unyayo

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema, asije mtu akaanza kusoma akidhani amepata habari za wapiga picha majasiri, wale wanaoning'inia kwenye mawe ya ufukweni ili bwana na bibi harusi watoke na ziwa zima nyuma yao. Mimi mawe yale nayapanda kwa magoti, na nikifika juu naomba mtu anishikilie gauni. Naogopa radi, naogopa mbwa, naogopa simu inayoita kabla ya jua kutoka. Lakini woga ninaotaka kuusimulia ulinikamata mahali pasipo na kitisho chochote: chumba cha ghorofani karibu na soko kuu la Mwanza, mchana kweupe, nimeshika lenzi mbili, moja mkono huu na moja mkono huu, na muuzaji ananitazama kwa jicho la mtu aliyechelewa kula.

Hela yangu ilitosha lenzi moja.

Ya mkono wa kulia ilikuwa lenzi ya potreti. Nzito, kioo chake cha mbele kipana kama mdomo wa kikombe, na tundu lake linafunguka sana, kiasi kwamba hata ndani ya kanisa lenye taa moja unapata uso wa mtu bila kuwasha flashi. Halafu kila kilicho nyuma ya uso huo kinayeyuka: ukuta, viti vya plastiki, shangazi anayepiga miayo. Wateja wangu wanaipenda sana hali hiyo. Wanaiita kublaa. Mtu anaingia studio hata hajasalimia, anauliza, "Una ile ya kublaa nyuma?" Nilikuwa nawajibu ninayo, kisha nablaa kwa kompyuta, na mara nyingi naondoka na kipande cha sikio la mteja.

Ya mkono wa kushoto ilikuwa ya makro, lenzi ya kupigia vitu vidogo kwa karibu. Hiyo unaweza kuisogeza mpaka karibu iguse kitu, na jicho la nzi likajaa picha nzima.

"Sista, hapa hata usijiulize," muuzaji alisema. "Chukua hii ya potreti. Inakula giza hii. Ukipiga harusi mbili tatu, hela yako imerudi. Hiyo nyingine ni ya wadudu. Sasa Mwanza hapa nani anapiga picha wadudu? Wadudu wenyewe tunawafungia madirisha."

Alikuwa anasema kweli. Mpiga picha yeyote mwenye akili timamu angechukua ile ya potreti akashuka ngazi anaimba. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeitamani miaka. Ila siku hiyo kila nikiitazama nilikuwa nageuza macho.

Studio yangu iko Buzuruga, si mbali na stendi. Napiga pasipoti, kipaimara, mahafali, na harusi nikibahatika. Kazi isiyokosekana ni ya misiba. Kwetu siku hizi jeneza halitoki nyumbani bila picha. Iwe kubwa, iwe kwenye fremu, itangulie mbele imebebwa na mjukuu, kisha isimamishwe kati ya maua wakati watu wanapita kuaga. Na watu wengi wanakufa bila kuwahi kupigwa picha ya maana. Ndugu wanafika dukani macho mekundu, wananipa kitambulisho kilichopauka, au simu yenye picha ya harusi ambayo marehemu yuko mstari wa nyuma anatafuna. "Mtoe huyu hapa," wananiambia. Namtoa. Namkata shingoni, namvika koti la suti la mtu mwingine, namwondolea nyama mdomoni, namwekea mawingu nyuma. Nimeifanya kazi hiyo mpaka imenitia ugonjwa: mzee yeyote akikaa mbele ya kamera yangu, akanyoosha shingo, akatulia, mimi namwona ameshaingia kwenye fremu na maua pembeni.

Ya baba yangu niliitengeneza mwenyewe kutoka kwenye kadi yake ya kupigia kura. Ilitoka kama picha ya mtu anayetafutwa na polisi. Mama aliitazama pale ilipokuwa imesimamishwa, akasema, "Huyu simjui," akaenda kukaa na wanawake wenzake.

Na mama naye hakuwa na picha. Ukimwelekezea kamera anageuka, au anacheka na kuziba mdomo kwa kiganja, au anakumbuka ana sufuria jikoni. Dada yangu mkubwa, anayeishi Butimba, ambaye maishani mwake hajawahi kuniomba kitu bila kunigombeza, alikuwa ameanza kuniambia kwa upole usio wake: "Wewe ndiye mwenye kamera kwenye familia hii. Mpige mama picha nzuri. Moja tu." Nilijua anamaanisha nini, naye alijua kwamba najua, kwa hiyo hatukuwa tunatazamana usoni akisema hivyo. Alianza kuniambia baada ya sisi kuliona baka.

Baka lilikuwa chini ya mguu wa kushoto wa mama, karibu na kisigino. Mama anaishi karibu na Bujora, analima mpunga, na tangu usichana wake ameingia kwenye majaruba miguu mitupu, kwa hiyo unyayo wake ni mgumu na una kila aina ya alama. Hakuna aliyekuwa anauangalia. Siku hiyo alikuwa amekaa uani anasugua tope kwa jiwe, dada anammiminia maji, na tope lilipotoka likabaki doa jeusi ambalo halikutoka. Lilikuwa kama wino uliomwagika chini ya ngozi. Dada alisugua tena, kwa kucha. Mama akamwambia aache, ni mwiba wa zamani huo.

Tulimpeleka kwenye kituo cha afya baada ya ugomvi uliochukua muda mrefu kuliko safari yenyewe. Daktari alikuwa kijana mpole. Aliushika mguu, akauangalia, akaenda nao karibu na dirisha, yaani alimwomba mama ahame kiti ili mguu uende dirishani.

"Inawezekana ni baka la kawaida tu, mama," alisema. "Lakini kuna mabaka ya unyayoni ambayo ni saratani. Ningependa uende hospitali kubwa wakate kipande kidogo, wakipime."

Mama aliurudisha mguu kwenye kandambili. "Nina miche ya mpunga kitaluni, mwanangu. Inasubiri kupandikizwa. Wakinikata mguu nani atasimama majini?"

Dada alilia. Mimi niliomba, nikatishia, nikaomba tena. Daktari mwishowe akasema kwamba kama amekataa kabisa, basi angalau tuliangalie. Likikua, au likibadilika, tusikae hata siku. Mama alilidaka neno hilo palepale.

"Sawa. Likikua nitakatwa. Lisipokua mniache na shamba langu." Kisha akanigeukia mimi. "Wewe una kamela. Litazame wewe."

Alikuwa na maana yake. Mama akishatoa neno halirudi, na akishakataa harudi pia. Kwa hiyo hakimu wa kesi hiyo nilikuwa mimi na picha zangu. Nilijaribu kwa simu, baka likatoka kama kivuli cha kitu fulani. Nilijaribu kwa lenzi ya studio, nayo ikagoma kusogea karibu. Ndipo nikapanda ngazi za yule muuzaji na hela niliyokuwa naiwekea lenzi ya potreti.

Na pale nikaganda. Kila nikiitazama ya kulia naona uso wa mama katikati ya maua. Naona mtoto wa dada ameibeba picha kifuani, anatembea taratibu kama alivyoelekezwa. Nikiitazama ya kushoto naona unyayo, na unyayo hauwekwi kwenye jeneza. Nikaona kwamba nikinunua ya uso nimeshakubali mama atakufa, namwandalia fremu; nikinunua ya unyayo, bado tunapigana. Najua si hoja ya mtu mzima. Woga ukishakukaa ndivyo unavyokufundisha kuhesabu.

"Nipe ya wadudu," nikamwambia.

Muuzaji alicheka mpaka akakaa. "Haya sista. Ukiwachoka wadudu, rudi."

Dada nilimpigia simu nikiwa bado njiani. Alinisikiliza. "Kwa hiyo umenunua lenzi ya kupigia kisigino," alisema. Nikasema ndiyo. "Na uso?"

"Uso una haraka gani?" nilimjibu kwa ukali, na nikakata simu, maana swali langu lenyewe lilinitisha.

Siku ya kwanza nilimkalisha mama kwenye kigoda mlangoni, penye mwanga mzuri usio wa jua kali, mguu juu ya ndoo iliyopinduliwa. Niliuosha, nikaufuta kwa kanga. Nikaweka kamera kwenye miguu yake mitatu, nikapiga magoti, nikaanza kusogea. Kwa lenzi hiyo ngozi ya unyayo haiwi ngozi tena, inakuwa shamba. Inaonekana mistari yake yote, ile midogo kama ya alama za vidole, imelala sambamba kama matuta. Na katikati ya matuta hayo, baka. Halikuwa jeusi kama nilivyolijua. Lilikuwa kahawia hapa, jeusi pale, upande mmoja lina kona, na sehemu moja rangi ilikuwa imefuata mstari na kutokea nje kidogo. Moyo ulinidunda mpaka nikaondoa mkono kwenye kamera nikaacha ijipige yenyewe.

"Unaona nini?" mama aliuliza kutoka juu.

"Naona mguu."

"Limekua?"

"Ndiyo kwanza tunaanza, mama."

"Basi anza haraka, nina kazi."

Tangu hapo nikawa nakwenda Bujora kila nikipata nafasi. Alipandikiza mpunga wake, nikampiga picha akiwa na tope mpaka magotini. Mpunga ukasimama, nikampiga. Ukatoa mashuke, akawa anashinda shambani anafukuza ndege kwa kelele na kopo, nikampiga palepale kandokando ya jaruba. Nikiushika ule mguu vidole vyangu vinakuwa vya baridi mpaka analalamika. Lakini jicho langu, nikishaliweka kwenye kamera, linatulia na kufanya kazi liliyozoea. Baka katikati. Ngozi safi kidogo pande zote, isizidi, isipungue. Picha iliyopangika. Nikirudi studio naiweka mpya kando ya ile ya mwanzo kwenye kompyuta, natazama moja, natazama nyingine, na zinatoka sawa. Baka lile lile, limekaa pale pale, limejaa vile vile.

Nampigia simu. "Halijakua."

"Niliwaambia ni mwiba," anasema, na nyuma yake nasikia kopo linagongwa.

Siwezi kueleza furaha ya simu hizo. Nilikuwa nafunga studio mapema, nanunua samaki mkubwa kuliko sufuria yangu. Ile lenzi nilikuwa naifuta kama namfuta mtoto usoni. Hata dada alinyamaza kidogo na habari zake za picha nzuri. Furaha yenyewe haikuwa inadumu, maana safari inayofuata ikikaribia nilianza tena kukosa usingizi, lakini nilikuwa na mahali pa kushika.

Asubuhi moja aliingia baba mmoja na mtoto wake mchanga. Walikuwa wanasafiri, wanatafuta picha za pasipoti, wote wawili. Pasipoti ina sheria yake: kichwa lazima kijaze sehemu maalumu ya picha, kisizidi wala kisipungue, vinginevyo wanazikataa. Kazi hiyo naifanya bila kufikiri. Baba nilimkalisha kwenye stuli, nikarudi nyuma hatua kidogo. Mtoto tukamlaza kwenye shuka jeupe juu ya benchi, nikamwinamia kwa karibu. Nikazitoa pamoja kwenye karatasi moja, nikaanza kukata.

Yule baba alizichukua akazishika pamoja, ya kwake na ya mwanawe, akaangua kicheko. "Hebu tazama dada! Kichwa chake na changu sawasawa!"

Nikacheka naye kwa adabu ya biashara, mkasi mkononi. Vichwa vilikuwa sawasawa kweli. Mtu mzima mwenye ndevu, na kitoto ambacho hata shingo haijakaza, na ukiviweka kando kwa kando havipishani hata unywele. Kicheko kilinikatikia njiani. Nilimpa picha zake, akanilipa, akaniaga, na mimi sikumbuki nilimjibu nini.

Niliketi kwenye kompyuta. Nikafungua picha ya kwanza ya unyayo wa mama, na ya mwisho. Safari hii sikulitazama baka. Nilitazama mistari ya ngozi iliyolizunguka.

Kwenye picha ya kwanza mistari ilikuwa minene, michache, ungeweza kuihesabu. Kwenye ya mwisho ilikuwa myembamba kama nyuzi za kitambaa, imesongamana. Ngozi ya mtu haibadiliki hivyo. Aliyebadilika ni mimi. Kila safari nilikuwa narudi nyuma kidogo, pengine upana wa ukucha, ili baka likae vizuri katikati na ngozi safi pande zote, picha ipangike. Linakua, narudi nyuma. Linakua tena, narudi tena. Nilikuwa nimelipiga pasipoti.

Nililia, lakini mikono ilikuwa inaendelea na kazi. Niliikuza ile ya mwisho mpaka mistari yake ikalingana unene na ya kwanza. Sasa ndipo nikaona. La kwanza lilikuwa kama punje ya harage. La mwisho lilikuwa pana kama sarafu ya mia mbili, na ile rangi iliyokuwa imetokea nje kidogo sasa ilikuwa ulimi mweusi unaoelekea katikati ya unyayo. Nikazitoa zote mbili kwenye karatasi, nikafunga mlango, taa nikaiacha inawaka.

Mama alikuwa uani, ameanika mpunga kwenye turubai. Mavuno yalikuwa yamekwisha. "Mbona umekuja leo?" aliniuliza. "Kuna nini?" Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno. Nikamsalimia tu, shikamoo mama, akaitikia huku ananiangalia. Nikapiga magoti, nikaziweka picha mbili juu ya mpunga, kando kwa kando.

"Lilikuwa linakua, mama. Tangu mwanzo. Mimi nilikuwa nalipiga vibaya, nikawa silioni."

Aliinama akazitazama. Hakuniuliza kwa nini, wala hakuuliza kamera imefanyaje. Alichukua ile ya pili akaigeuza kidogo kwenye mwanga, kisha akajaribu kuinua mguu wake aone chini yake, na mtu wa umri wake haoni chini ya mguu wake mwenyewe, akauweka chini.

"Neno langu nililitoa," alisema. "Tuingize mpunga kwanza. Yale mawingu hayatuachi."

Tukaingiza mpunga. Mimi nilikuwa nazoa kwa pupa, nusu inamwagika. Yeye alifagia turubai taratibu, hakuacha hata punje, akakung'uta, akakunja. Nilimwonea wivu mwanamke yule. Nilidhani woga ule wote niliozaliwa nao nimeurithi kwa baba.

Hospitali kubwa walikata kipande, wakatuambia tusubiri majibu. Kusubiri huko sitakusimulia, kwa sababu sikumbuki kitu ila mlio wa simu ya dada, ambao mpaka leo ukilia mahali popote natafuta pa kukaa. Majibu yalikuja yalivyokuja. Daktari bingwa, mwanamke mtu mzima mwenye sauti ndogo, alilitaja neno lenyewe bila kulizungusha. Dada alikuwa amenishika mkono wa gauni. Mama aliuliza kitu kimoja tu, kama atasimama tena. Wakasema atasimama, ila kisigino hakitakuwa kile. Walikata baka na nyama ya chini yake, wakachukua ngozi ya paja wakaifunika. Kidonda kilichukua muda. Mama alihamia Butimba kwa dada, akawa anashinda kitandani, anaulizia shamba lake kama mtu anayeulizia mgonjwa.

"Tumetoa chote tulichokiona," yule daktari alituambia siku ya kuruhusiwa. "Kama kuna kilichotangulia mbele, hatukioni kwa macho. Mtamleta, tutakuwa tunapima mitoki, yale matezi ya kwenye nyonga, tunapima na kifua." Mara ya kwanza ya kumpeleka ni kesho.

Leo mchana nimekwenda Butimba. Nilimkuta amekaa kwenye kiti karibu na dirisha, amejifunga kitenge kipya, kidonda kimeshafunga. Nilifanya nilichozoea kufanya. Nilipiga magoti nikataka kuushika mguu. Aliuvuta.

"Umekuja na kamela?"

"Ninayo."

"Huko chini umeshatosheka. Nipige uso."

Nilijisikia kama mtu aliyeitwa jina lake na sauti asiyoijua. "Mama, lenzi hii ni ya vitu vidogo," nikamwambia. Ni uongo. Makro inapiga uso vizuri tu, kosa lake ni kwamba haina huruma, haifichi kitu.

"Kwani uso wangu ni mkubwa kiasi gani?" akasema, na dada akacheka kutoka jikoni.

Nilitafuta sababu nyingine sikuipata. Mama alinyoosha shingo. Hakugeuka, hakuziba mdomo. Alitulia kabisa, mikono juu ya magoti, na niliyaona maua pande zake zote mbili, nikaiinua kamera haraka ili asinione nilivyo. Halafu, kwa sababu ndivyo mwili wangu ulivyoizoea lenzi hiyo, nikasogea. Nikasogea zaidi. Mpaka uso wake ukajaa.

Nikaona vinyweleo vya kidevuni ambavyo sikujua anavyo. Nikaona jicho, mshipa mwekundu pembeni yake, na dirisha dogo ndani ya mboni, na ndani ya dirisha hilo mimi. Kisha nikashuka mdomoni. Mdomo wa chini ulikuwa unatetemeka. Mtetemo mdogo sana, ambao mtu aliyekaa kiti cha pili asingeuona. Nikasubiri utulie ili picha itoke safi. Haukutulia.

"Mama," nikasema, kamera bado usoni. "Unatetemeka."

"Tangu siku ile ya daktari wa kwanza," alijibu, bila kuacha kuitazama lenzi. "Sema wewe ulikuwa unatazama mguu."

Niliishusha kamera. Nikamkumbuka akikunja lile turubai. Nikamkumbuka anagonga kopo, anacheka kwenye simu. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia, hata mara moja, hata kwa kupitia dada.

"Ningekwambia," alisema, "ungeweza kulitazama hilo baka?"

Aliniambia niache kulia, nimalize kazi, shingo inamuuma. Nikarudi kwenye kamera nikabonyeza. Uso wote umetoka vizuri, ukiacha mdomo, ambao umetoka na ukungu. Kesho asubuhi tunakwenda hospitali, na ameniomba nikae upande wake, nisikae mbele na dereva.